Makunyanzi ya Koti la Kijivu

Katika mtaa wetu wapo waliomjua kwa jina lake la ubatizo, lakini tukihesabiwa hatufiki watano. Wengine wote walimwita Mzee Mstari, kwa sababu suruali iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na mstari ulionyooka kutoka kiunoni hadi kwenye upindo, na mtu akiivaa aliona haya kukaa kitako. Alikuwa dobi. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka ishirini, kwa kupiga pasi majoho ya wanakwaya wa misheni, na siku nilipohamia nyumba ya pili yake, ukuta kwa ukuta, nilimkuta ameshakuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka, pasi mbili za mkaa, moja ya umeme ambayo hakuiamini, na beseni la wanga ambalo hakuruhusu mtu mwingine alikoroge.

Mwaka huo ninaousimulia alikuwa na miaka sabini na mitatu, mjane, na watoto wawili. Bintiye mkubwa alikuwa muuguzi katika hospitali kubwa. Mwanawe wa kiume alikuwa mpima ardhi, mtu wa kutembea na kamba na vigingi, ambaye hata akiingia chumbani mwa mtu alikuwa akikisia upana wake kwa macho. Walikuwa watoto wema. Nasema hivyo mapema ili msomaji asiwadhanie vibaya, kwa maana ni wao waliotaka kumfungia baba yao kazi.

Walikuwa na sababu. Miezi miwili nyuma, binti alikuja asubuhi akamkuta baba yake amelala sakafuni kando ya meza, pasi imesimama wima juu ya kibao chake, na yeye mzee akisema kwa utulivu kwamba anapumzika. Tangu siku hiyo hapakuwa na mjadala. Baba angefunga duka, angehamia kwa mmoja wao, na vyombo vyake vingegawanywa. Lori lilikwisha kuahidiwa. Mzee hakubishana, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubishana. Alisema tu, "Nimesikia," na wazazi wote wanajua kwamba neno hilo halina maana ya nimekubali.

Ndipo wakaja watu wa filamu.

Walikuja kwa ajili ya ukuta wake. Mvuke wa miaka mingi ulikuwa umeuchora ukuta wa chumba cha mbele madoa ya rangi ya chai, na mwongozaji, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alisimama mbele ya madoa hayo kama mtu aliyeingia kanisani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nguo?"

"Sijaleta nguo. Nimeleta ombi. Tunatengeneza filamu, tunataka kuazima nyumba yako."

"Filamu ya nini?"

"Ya kuchekesha. Kuna baba mzee na watoto wake wakubwa. Kila mtoto anataka baba akakae kwa mwenzake."

Mzee Mstari alilifikiria jambo hilo. "Wangu kila mmoja anataka nikakae kwake. Hao ungewatengenezea filamu ya namna gani?"

"Hiyo ingekuwa ya kulia, Babu."

"Mtakaa siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hamwezi kukaa arobaini?"

Mwongozaji alicheka, akidhani ni ukarimu. Mzee hakuwa akifanya mzaha hata kidogo. Alikuwa amepiga hesabu yake haraka: lori haliwezi kuja kuchukua meza wakati meza imo ndani ya filamu. Watoto walipopelekewa habari walinung'unika, kisha wakakubali, ila kwa sharti moja: Jumamosi ya kwanza baada ya wageni kuondoka, lori litakuwa mlangoni. Hivyo mzee akabaki na siku zake kumi na mbili, akiziangalia kama mtu anavyoangalia kipande cha mwisho cha sabuni.

Mimi nilipata kuyaona mengi kwa sababu waliazima kiti changu cha mkono wakakiweka chumba hicho cha mbele, nami nilikwenda kila asubuhi kukitazama kisije kikavunjwa miguu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee Mstari hakungoja ya tatu. Siku ya kwanza mchana mbeba taa alikuwa akimkunjia shuka, na siku ya pili mshika kamera alijifunza kunyunyiza maji kwa vidole bila kulowanisha.

Mwigizaji mkuu, aliyeigiza baba, alikuwa mcheshi mashuhuri ambaye watu walianza kucheka kabla hajafungua kinywa. Alipakwa unga mweupe nywelani, akainama, akaanza kuvuka chumba kwa kutetemeka, mkono mmoja kiunoni. Mzee Mstari alimtazama mpaka akafika upande wa pili.

"Huyu anaumwa nini?" aliniuliza.

"Haumwi. Ni mzee," mwongozaji alijibu badala yangu.

"Wa miaka mingapi?"

"Sabini."

"Aa. Mimi nina sabini na mitatu. Basi kumbe nimeshapona."

Mcheshi mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, na tangu saa ile alitembea wima kidogo.

Sasa yupo mtu mmoja zaidi wa kumtaja, naye ni mtunza mavazi, binti mpole mwenye pini mdomoni muda wote. Kazi yake katika filamu ile ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Hadithi yao ilimtaka yule baba azungushwe siku tatu kati ya nyumba za watoto wake, akilala juu ya viti vya sebule, kisha arudi kwake kwa miguu akiwa amevaa koti lake la kijivu. Koti ndilo lililopaswa kusema alikolala, kwa maana baba mwenyewe hakuwa na la kusema. Basi binti yule alilipata koti zuri la sufu, akalilowesha, akalisokota kama kamba, akalifunga uzi, akalianika, akalilaza chini ya godoro, na baada ya siku mbili akawa na koti lililochoka kwa namna ya kutia simanzi.

Jumanne walipiga picha za nje: baba anafika, anasimama mbele ya mlango wake, anasikia watoto wakigombana ndani, anashika kitasa. Jumatano wangepiga za ndani, kuanzia pale mlango unapofunguka. Jioni hiyo koti likatundikwa kwenye msumari chumba cha nyuma, na mtunza mavazi akawaonya wenzake wote, mmoja mmoja, mtu asiliguse. Mwenye nyumba hakuonywa. Ni nani angemwonya mzee asiguse kitu ndani ya nyumba yake?

Alfajiri Mzee Mstari aliamka, akawasha mkaa kama kawaida yake, akaliona koti.

Alituambia baadaye, kwa unyofu kabisa, kwamba moyo ulimwuma kwa ajili ya yule binti. Aliwaza: mtoto wa watu amechoka, amelisahau, mkuu wake akija akaliona hivi atamfukuza. Akalishusha. Akalipiga brashi. Akatandaza kitambaa kibichi juu yake, akalipiga pasi mgongo, mikono, mabega, akautia ukosi wanga kidogo ili usimame, akalirudisha kwenye msumari likiwa koti ambalo askofu angeweza kulivaa mazishini. Kisha akanywa chai kwa furaha ya mtu aliyetenda wema bila kuonekana.

Mtunza mavazi alipoingia saa moja na nusu, pini zilimdondoka mdomoni.

Mwongozaji aliitwa. Alilizunguka koti mara mbili bila kuligusa. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile mvua isiyo na haraka, kwa hiyo picha za mlangoni zisingeweza kurudiwa, na mcheshi alikuwa na safari jioni ile ile ya kwenda kwenye kazi nyingine.

"Jana ameshika kitasa akiwa amekunjamana kama karatasi ya maandazi," alisema polepole. "Leo akivuka kizingiti anatokea ndani amenyooka. Ni mlango gani huu unaopiga watu pasi?"

Watu walitaka kucheka, wakaogopa.

Mzee Mstari alikuwa amesimama karibu na meza, iliyokuwa imesogezwa chumba cha nyuma pamoja na kiti changu kupisha kamera. Alipoelewa alichokifanya, alitafuta pa kuketi, na kwa kuwa chumbani mwake hamkuwa na kiti isipokuwa changu, akaketi kwenye kiti changu. "Wanangu," alisema, "niliona ni uchafu. Miaka hamsini sijawahi kuletewa kunyanzi mtu akataka nimrudishie."

"Si kosa lako, Babu," mtunza mavazi alisema huku akifuta macho. "Lakini siwezi kulifanya upya. Lilinichukua siku mbili, na hata hivyo makunyanzi yasingekuja yale yale."

"Una picha yake ya jana?"

Alikuwa nayo, kubwa, ya mbele na ya nyuma. Mzee akavaa miwani, akaipeleka picha dirishani, akaitazama kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote ambacho hakifuki moshi.

"Hili kunyanzi la kwapani halikutokana na kuvaliwa," alisema mwishowe. "Uliliweka koti chini ya godoro."

"Ndiyo."

"La sponji."

"Umejuaje?"

"La pamba lingekunja mara mbili." Akainuka. "Leteni maji. Na huyo kijana wa taa aje anishikie bega. Si bega langu, la koti."

Nimeona watu wakifanya kazi zao katika maisha yangu, mafundi saa, wakunga, wapiga kinanda, lakini nilichokiona asubuhi ile sikukiona mara ya pili. Alilitia koti mvuke mpaka likalegea na kusahau pasi ya alfajiri. Kisha, akiitazama picha, akaanza kulikunja kipande kwa kipande, akibana kwa vidole, akikandamiza kwa kiwiko, akiligusa kunyanzi kwa ncha ya pasi isiyo moto sana ili likae mahali pake lisitoroke. Mikono ambayo watoto wake walisema inatetemeka haikutetemeka. Chumba kizima kilimzunguka, watu kumi na wanne, na hakuna aliyekohoa.

"Kuliua kunyanzi nimesomea miaka hamsini," alinong'ona. "Kulizaa nasomea leo."

Katikati ya kimya hicho ndipo watoto wake wakaingia. Binti alikuwa anatoka zamu ya usiku, bado na sare yake. Mwana alikuwa na futi mkononi, amekuja kupima meza aone kama itaingia kwenye lori bila kukatwa miguu.

"Baba," mwana alianza.

"Shhh," wakasema watu wanane.

"Huyo ni baba yangu."

"Tunajua," mshika kamera alimjibu kwa upole. "Nyamaza hivyo hivyo."

Mzee hakuinua uso. Alikuwa amekwama mgongoni mwa koti, juu kidogo ya kiuno, mahali ambapo picha ilikuwa na giza. "Hapa sioni," alisema. "Huyu mtu amelala kwenye kiti siku tatu, ni lazima mgongo useme hivyo, lakini picha haisemi." Ndipo akageuka, akawaona. Macho yake yakapita juu ya nyuso zao, yakashukia nguo. Hayo hayakuwa macho ya baba. Yalikuwa ya dobi.

"Mama, njoo hapa," alimwambia bintiye. "Geuka."

"Baba, nimechoka, tumekuja kwa ajili ya—"

"Geuka kidogo tu."

Akageuka. Mgongoni mwa sare yake nyeupe, juu kidogo ya mkanda, palikuwa na mikunjo mitatu ya kulala, mmoja juu ya mwingine. Mzee akaielekezea kidole bila kuigusa.

"Umelala kwenye kiti."

"Zamu ilikuwa ndefu."

"Zamu tatu. Huu wa chini ni wa juzi, umeshaanza kufa. Huu ni wa jana. Huu bado una joto. Hukufika nyumbani."

Binti alimtazama baba yake juu ya bega. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkuu wa wodi, ambaye madaktari walimwogopa, na pale alisimama mgongo wazi mbele ya watu wa filamu kama mtoto anayekaguliwa masikio.

"Wauguzi wawili wameacha kazi," alisema. "Nani mwingine?"

"Sikukuuliza nani mwingine. Simama hivyo hivyo." Akairudia mikunjo ile juu ya koti la kijivu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, akiutazama mgongo wa bintiye kama mwanafunzi anavyotazama ubao. Alipomaliza akamgeukia mwana. "Na wewe. Vua sweta."

"Baba, kuna watu."

"Ni wanaume wangapi hapa hawajawahi kuona shati? Vua."

Mwana akavua. Kifua cha shati kilikuwa kimepigwa pasi vizuri kabisa. Mgongo na mikono vilikuwa kama vilivyotoka kwenye kamba ya kuanikia. Kicheko kilianza kwa mcheshi, kikamfikia mwongozaji, kikatuzunguka wote.

"Kifua umekipiga pasi," baba yake alisema. "Mgongo umemwachia nani?"

"Mama watoto yuko masomoni mpaka mwezi wa nane," mwana alisema, naye akiwa anacheka sasa kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. "Asubuhi nina sare za watoto watatu. Napiga panapoonekana."

Mzee Mstari aliiweka pasi juu ya kibao chake. "Basi nielezeni, maana mimi sikusoma sana. Mmoja halali kwake. Mwingine anavaa nusu shati. Mnataka kunihamisha mnipeleke kwa nani? Nikifika huko nimkute nani? Nitakaa kwenye sebule ya mtu asiyekuwepo, nitazame saa ya ukutani, mpaka nami niwe na mikunjo kama ya koti hili."

Mwongozaji, Mungu ambariki, aliwaondoa watu wake wote kwa ishara ya mkono, akalichukua koti kama anayebeba mtoto mchanga, akafunga mlango wa chumba cha mbele. Mimi nilibaki, kwa sababu ya kiti changu.

Binti ndiye aliyeanza, na alianza vizuri. "Baba, haya yote ni kweli. Lakini nilikukuta sakafuni. Wewe hukujiona. Mimi nilikuona. Nikiwa kazini, simu ya wodini ikilia, kila siku nafikiri ni wewe."

Hilo mzee hakuwa amelitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa hoja ya lori, na hoja ya meza, si kwa hiyo. Alivuta shuka ya mezani ambayo ilikuwa tayari imenyooka.

"Nilianguka kwa sababu sikuwa nimekula tangu jana yake," alikiri. "Hoteli ilileta shuka sitini. Nikasema nikimaliza nitakula. Nikamaliza, miguu nayo ikamaliza."

"Uliniambia unapumzika."

"Nilikuwa napumzika. Sikusema ni kwa hiari."

Mwana akageuka dirishani ili asionekane akicheka. Binti hakucheka. Alivuta beseni tupu la wanga, akaligeuza chini juu, akaketi juu yake, jambo ambalo mtu mwingine angelifukuziwa mtaani, akaanza kutoa masharti kama anayeandika cheti cha mgonjwa. Shuka za hoteli, basi. Pasi za mkaa, uani, hazitaingia tena chumba kilichofungwa. Chai na kitu cha kutafuna kabla ya pasi ya kwanza, na jirani atashuhudia. Hapo akanielekea mimi, nikaitikia kwa kichwa. Saa nane mlango unafungwa. Na kiti.

"Kiti cha nini?"

"Cha kukalia, Baba. Kirefu, cha mbao. Utapiga pasi umekaa."

"Dobi aliyekaa ni mteja."

"Basi lori linakuja Jumamosi."

Mzee aliniangalia mimi, nami nikatazama ukuta, kwa maana mtu akipangiwa maisha na bintiye, jirani hana kura. Ilimchukua muda. Mle chumba cha mbele tulisikia mcheshi akifungua mlango, akiingia, watoto wa filamu wakinyamaza ghafla walipoliona lile koti. Mwongozaji akasema imetosha, imetosha sana.

"Kiti nitakikubali," Mzee Mstari alisema. "Lakini na mimi nina langu. Kila Ijumaa nguo zenu zije hapa. Sare, mashati, za wajukuu, zote. Na anayezileta akae, ale, alale saa mbili kitandani mwangu. Si kwenye kiti. Nitamkagua mgongo."

Lori halikuja. Mwana alikunja futi lake, na wiki ileile akaleta kiti kirefu alichokipima kwa macho, kikawa kifupi kwa inchi mbili, kikarudishwa kwa seremala. Filamu nayo iliisha, ikaonyeshwa, watu wakacheka sana. Nilikwenda kuiona nikiwa nimeketi nyuma ya mzee, naye muda wote hakumtazama mcheshi hata mara moja, alikuwa akitazama mgongo wa koti.

Ijumaa moja, mnamo saa sita, nilikuwa kwake nikingoja suruali yangu ya kanisani. Alikuwa amekaa juu ya kiti chake, akijifanya hakipendi. Akaingia karani mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa sauti kubwa, akitaka shati lake upesi.

"Punguza sauti," mzee alimwambia. "Rudi saa saba. Ndani kuna mtoto amelala."

Karani akaangalia chini, akaviona viatu vya kazini vya mwanamke, vizito, vilivyochakaa kisigino, vimepangwa kando ya mlango.

"Mtoto wa miaka mingapi huyu, Mzee?"

"Arobaini na sita," Mzee Mstari alijibu, akachovya vidole katika maji, akalinyunyizia shati jingine.